Barua za Gombe na Amani ya Ziwa Tanganyika

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi huidhania methali hiyo kuwa ni ya wenye maduka peke yao, wale waandikao kila jioni kilichouzwa na kilichokopwa. Lakini mali ya binadamu si bidhaa tu. Msitu ni mali, ukweli ni mali, jamaa aliye mbali ni mali, na amani ndiyo mali izishindayo zote kwa thamani. Hizo nazo zikikosa mtu wa kuziandika, hupotea bila habari. Maisha ya Bibi Jane Goodall, mwanasayansi aliyefanya kazi kando ya Ziwa Tanganyika na kufariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na umri wa miaka 91, yanathibitisha jambo hilo. Dunia inamkumbuka kwa sokwe wake. Yafaa akumbukwe pia kwa barua zake.

Pwani moja, ziwa moja

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea kusini, ziwa likiwa mkono wake wa kuume, hufika Rumonge baada ya kilomita zaidi ya 70. Huu ni mji wa mawese na samaki. Michikichi imejaa vilimani, ndagala huanikwa juani, na mukeke, ambaye ng'ambo ya mpaka huko Kigoma huitwa mgebuka, huuzwa sokoni kwa Kirundi na kwa Kiswahili pia. Akizidi kwenda kusini msafiri huyo atapita Nyanza-Lac, kisha mpaka wa Tanzania, kisha kijiji cha Kagunga, na baada ya hapo ataiona milima yenye mabonde ya kijani iteremkayo hadi majini. Hapo ndipo Gombe, na Kigoma haiko mbali nayo.

Basi Gombe na Rumonge ni majirani wa pwani moja. Hata sokwe walitambua ujirani huo kabla ya watu kuchora mipaka, kwa kuwa misitu ya kale ilifuatana kandokando ya ziwa. Leo imebaki vipande vipande: Gombe upande wa Tanzania, na hifadhi kama za Vyanda, Rumonge na Kigwena upande wa Burundi. Kwa hiyo habari za mwanasayansi wa Gombe si habari za ugenini kwa mkazi wa Rumonge.

Karani aliyegeuka mwanasayansi

Jane Goodall alizaliwa London tarehe 3 Aprili 1934. Jamaa zake hawakuwa na fedha za kumpeleka chuo kikuu. Mama yake, Bibi Vanne, alimshauri ajifunze kazi ya ukarani, kwa hoja kwamba karani hodari anaweza kupata kazi popote duniani. Binti akasoma kupiga taipu, kuandika hati ya mkato na kutunza majalada. Ushauri huo wa mama ulikuwa na maana kubwa kuliko ulivyoonekana siku ile.

Mwaka 1957 alifika Kenya kwa mwaliko wa rafiki aliyesoma naye. Huko alionana na Dakta Louis Leakey, mchunguzi wa asili ya binadamu, aliyemwajiri kuwa karani wake katika jumba la makumbusho la Nairobi. Leakey alimwona kuwa mtu wa subira na mwandishi mwangalifu. Akamchagua, ingawa hakuwa na shahada, aende kuwachunguza sokwe wa Gombe. Tarehe 14 Julai 1960 Jane alishuka ufukweni Gombe akiwa na umri wa miaka 26. Serikali ya kikoloni haikukubali mwanamke kijana aishi msituni peke yake, hivyo Bibi Vanne alifuatana na mwanawe. Mama huyo alifungua zahanati ndogo, akawagawia wavuvi dawa za kawaida, na kwa njia hiyo akajenga urafiki na wenyeji ambao bila ya huo kazi isingalisimama.

Hata safari yenyewe ilikuwa imewaonyesha sura ya vita. Walipofika Kigoma waliukuta mji umejaa wakimbizi wa Kibelgiji waliovuka ziwa kutoka Kongo, iliyokuwa imepata uhuru tarehe 30 Juni mwaka ule na kuingia katika machafuko. Mama na binti walijitolea kuwatengenezea wageni hao mikate ya kula. Kazi yao ya sayansi ilitanguliwa na kazi ya kuwahudumia waliokimbia.

Kazi ya usiku

Mchana Jane alipanda vilima, akakaa kimya na darubini yake. Usiku, kwa mwanga wa taa, aliandika. Kwanza aliweka sawa maandishi ya siku: saa ngapi, sokwe gani, alifanya nini. Kisha ikaja zamu ya barua: kwa jamaa zake Uingereza, kwa Leakey Nairobi, kwa waliotoa fedha za utafiti. Barua hizo zilipelekwa kwa boti hadi Kigoma, zikatiwa posta, na majibu yakarudi kwa njia ile ile.

Hapa pana somo. Aandikaye barua kila siku hulazimika kuchagua maneno ambayo mtu asiyekuwapo atayaelewa. Hawezi kusema tu kwamba sokwe alifanya jambo la ajabu, bali hana budi kueleza jambo lenyewe. Mwezi Novemba 1960 Jane alimwona sokwe dume aliyemwita David Greybeard akichomeka unyasi katika kichuguu, akautoa umejaa mchwa, akawala. Wengine walichuma vijiti wakavipukusa majani kabla ya kuvitumia, yaani walitengeneza zana. Wakati ule wataalamu walifundisha kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye zana. Jane alimpelekea Leakey habari hizo kwa simu ya maandishi. Leakey akajibu kwamba sasa haina budi maana ya zana ibadilishwe, au maana ya binadamu ibadilishwe, au sokwe wakubaliwe kuwa watu.

Barua za Jane zilihifadhiwa. Baada ya miaka 40 mwandishi Dale Peterson alizihariri katika vitabu viwili, Africa in My Blood, kilichotoka mwaka 2000, na Beyond Innocence, kilichotoka mwaka 2001. Msomaji wake hukuta mambo makubwa ya sayansi pamoja na mambo madogo ya nyumbani: malaria, mvua, chakula, mtoto, hamu ya kumwona mama. Hakuna mpaka kati ya hayo mawili, kwa kuwa mwandishi ni mmoja.

Vita vilipofika ufukweni

Kalamu haiwezi kuandika kwa raha pale amani inapokosekana, na pwani hii imeonja ukosefu huo kwa uchungu. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini mwa Burundi. Raia wengi, hasa Watutsi, waliuawa. Kulipiza kisasi kwa dola kukafuata nchi nzima kwa miezi kadhaa, na makisio ya waliouawa huanzia watu 100,000 na kuzidi. Walioandamwa zaidi walikuwa Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Kwa maneno mengine, waliandamwa watu wa kalamu. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Familia zikagawanyika, na mashamba ya Rumonge yaliyoachwa yakachukuliwa na wengine. Wakimbizi walipoanza kurejea miaka 30 baadaye, ugomvi wa ardhi ukawa mkubwa, na mara nyingi aliyekosa karatasi alikosa pia pa kuanzia.

Gombe nako hakukusalimika. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975 watu wapatao 40 wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Walikuwa wafuasi wa kundi la Laurent Kabila, aliyekuja kuwa Rais wa Kongo mwaka 1997. Baada ya siku chache mateka mmoja aliachiwa arudi akiwa amebeba barua. Lakini hizo zilikuwa barua za namna nyingine, barua za vitisho na madai ya fedha. Ziwa lile lile lililobeba habari za elimu likabeba habari za kuuza watu. Mwishowe wote wanne walirudi wakiwa hai, ila watafiti wa kigeni walilazimika kuondoka Gombe.

Je, daftari lilifungwa? Halikufungwa. Watanzania waliokuwa wasaidizi, wakiongozwa na mzee Hilali Matama, waliendelea kuwafuata sokwe kila siku na kuandika waliyoyaona kwa Kiswahili. Maandishi hayo yameendelea hadi leo na ni miongoni mwa kumbukumbu ndefu kuliko zote duniani juu ya wanyama wa mwituni. Ndugu msomaji anayeambiwa kwamba Kiswahili si lugha ya sayansi na alikumbuke jambo hili.

Ukweli usiofichwa

Miaka ile ile, kati ya 1974 na 1978, sokwe wa Gombe wenyewe walipigana. Kundi moja lilikuwa limegawanyika mawili, na madume wa kundi kubwa wakawavizia na kuwaua mmoja mmoja wale waliojitenga. Jane alikuwa amewadhani sokwe kuwa wapole kuliko binadamu. Wako wanasayansi waliomshauri asiutangaze sana ugomvi huo, wakiogopa kwamba watu wangedai kuwa vita ni maumbile yetu yasiyobadilika. Yeye aliandika kila alichokiona. Lakini aliandika pia namna sokwe wanavyopatana baada ya kugombana, wanavyonyosha mkono kuomba radhi, na dume anavyoweza kumlea yatima asiye wake. Hoja yake ilikuwa kwamba ukatili umo katika urithi wetu, na huruma imo pia. Binadamu, aliyepewa akili na lugha, anaweza kuchagua.

Kazi yake ya amani ilijengwa juu ya msingi huo. Mpigania amani anayeficha maovu hataaminiwa anaposimulia mema.

Kutoka msituni hadi ulimwenguni

Mwaka 1986, katika mkutano wa wataalamu huko Chicago, Jane alisikia habari za misitu inayofyekwa na sokwe wanaopungua kila mahali. Tangu hapo aliacha kuishi msituni akawa msafiri, kwa miaka mingi akiwa njiani siku zipatazo 300 kwa mwaka. Mwaka 1991 wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika nyumbani kwake Dar es Salaam, na hapo likaanzishwa shirika la vijana la Roots & Shoots, yaani mizizi na machipukizi. Kila kikundi huchagua kazi tatu: moja ya kuwafaa watu, moja ya kuwafaa wanyama, na moja ya kuyafaa mazingira. Mwaka 1994 ulianza mpango wa vijiji vya Kigoma wa kupanda miti, kutafuta maji na kuwawezesha akina mama, kwa kutambua kwamba mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa tu asikate mti. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa ulimteua kuwa Mjumbe wa Amani.

Burundi pia ilimhusu. Bujumbura palikuwa na kituo cha taasisi yake cha kuwatunza sokwe yatima, ambao mama zao walikuwa wameuawa na wawindaji. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993 na vita vya wenyewe kwa wenyewe kuanza, kituo hicho hakikuweza kuendelea. Sokwe wale walihamishiwa Sweetwaters, karibu na Nanyuki nchini Kenya, katika miaka iliyofuata. Hata wanyama waligeuzwa wakimbizi. Kuwahamisha viumbe hao kutoka nchi yenye vita kulihitaji pia makaratasi: vibali, maombi na majibu baina ya serikali na mashirika ya nchi mbili. Nyuma ya kila tendo jema linaloonekana pana rundo la barua zisizoonekana.

Wengine wa kalamu moja

Bibi Goodall hakuwa peke yake katika njia hiyo. Huko Marekani mkemia Linus Pauling na mkewe Ava Helen walituma barua kwa wanasayansi wa nchi nyingi kuwaomba watie sahihi dhidi ya majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mwezi Januari 1958 waliwasilisha sahihi zaidi ya 9,000 kwa Umoja wa Mataifa. Tarehe 10 Oktoba 1963 mkataba wa kuzuia sehemu ya majaribio hayo ulianza kutumika, na siku hiyo hiyo ikatangazwa kwamba Pauling ametunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1962.

Karibu zaidi nasi, mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai wa Kenya, mwanasayansi wa elimu ya viungo vya wanyama, alipata habari kwamba jumba la ghorofa 60 lingejengwa katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi. Hakurusha jiwe. Aliandika barua kwa ofisi za serikali, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, na kwa Balozi wa Uingereza. Alitukanwa bungeni, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi zake. Jumba halikujengwa, na bustani ingali ipo. Mwaka 2004 alipata Nishani ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Barua zetu za nyumbani

Huenda msomaji akauliza: mambo haya ya wataalamu yanamfaa nini mama auzaye mawese Rumonge, au mzee mwenye mtoto ng'ambo ya mpaka? Jibu ni kwamba yanamfaa sana.

Vita vilipoitenganisha pwani hii, barua ndogo za Msalaba Mwekundu ndizo zilizounganisha jamaa. Ni karatasi iliyo wazi, isiyofungwa, yenye habari za familia tu bila siasa, na yenye nafasi ya kujibia. Maneno machache ya kusema tupo hai, mtoto amepona, mama anakusalimu, yametuliza mioyo iliyokata tamaa. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walipobanana ufukweni Kagunga wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, swali la kwanza la wengi lilikuwa lile lile la siku zote: fulani yuko wapi?

Basi nyumba yoyote inaweza kujifunza kwa karani wa Gombe mambo yafuatayo.

Kwanza, andika tarehe na mahali juu ya kila barua. Barua isiyo na tarehe hupoteza nusu ya ushahidi wake.

Pili, tenganisha ulichokiona na ulichokisikia. Uvumi umeua watu wengi katika nchi zetu. Kabla ya kuandika kwamba jirani ametenda jambo, au kulituma kwa simu ya mkononi, jiulize kama ulikuwapo.

Tatu, weka nakala. Barua ya shamba, ya mirathi au ya shule isiondoke nyumbani bila kuacha ndugu yake.

Nne, zitunze mbali na maji. Katika miaka ya karibuni ziwa limefurika na kuingia katika nyumba za Rumonge. Mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri na kuning'inizwa juu unatosha kuokoa urithi wa watoto.

Tano, unapolalamika, lalamika kwa adabu na kwa hoja. Matusi humpa mkosaji sababu ya kutokujibu.

Sita, jibu barua unazopokea, hata kwa mistari mitatu. Kimya cha muda mrefu huzaa shaka, na shaka huzaa uadui.

Siku hizi wengi hawaandiki tena kwa wino, na barua husafiri kwa simu kwa dakika moja. Chombo kimebadilika, lakini wajibu haukubadilika. Habari iendayo haraka yahitaji mwandishi mwangalifu zaidi, maana kosa nalo huenda haraka.

Amani ya pwani hii ilitiwa sahihi mjini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, baada ya juhudi za Mwalimu Nyerere, aliyefariki kabla ya kuiona, na za Mzee Mandela aliyemrithi. Hata baada ya hapo risasi hazikunyamaza mara moja, jambo linaloonyesha kwamba sahihi za wakuu ni mwanzo tu. Zinazofuata ni sahihi ndogo za kila siku: jirani anayemwandikia jirani aliyekimbia kwamba nyumba yake ingali ipo, mwalimu anayeandika kwa usahihi habari za kijiji chake, mtoto anayemjibu babu yake. Kazi hiyo haina sherehe wala nishani. Hufanywa jioni, baada ya vyombo kuoshwa, na mtu yeyote aliyejifunza kusoma na kuandika.